Nimeulizwa "hapa chako ni kipi?" nikakosa jibu

Fundi wa Pili:

Salaam wakuu. Mimi ni mchoraji wa tingatinga, ule mtindo wa picha ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, hapa Dar, mwaka wa 11 huu. Nimefundishwa na mjomba wangu, naye alifundishwa na mtu aliyefundishwa na mmoja wa wale wa mwanzo. Kwetu ni Tunduru, kama kwa Tingatinga mwenyewe, ila sina undugu naye. Nasema mapema kwa sababu akitokea mgeni mwenye hela, kila mchoraji anageuka kuwa mjukuu wa marehemu.

Jumamosi iliyopita alikuja dada mmoja anayezungumza na wachoraji na waandishi kuhusu kazi zao, walikotoka na watu wanaoishi nao. Mtu mwema, ana maswali ya adabu. Tulianza vizuri. Nikamweleza hadibodi za mwanzo, na rangi ya kopo, ile ile ya kupakia baiskeli na milango, kwamba inakauka kwa nafasi yake na huwezi kuiharakisha: unapaka rangi ya chini, unasubiri, unachora mnyama, unasubiri tena, na siku ya vumbi umekwisha. Nikamweleza kwamba Tingatinga alianza kuchora 1968, akauawa 1972 kwa risasi ya polisi waliodhani ni jambazi. Miaka minne tu, na mpaka leo watoto wetu wanakwenda shule kwa jina lake. Akaandika yote.

Kisha akanyoosha kidole kwenye picha iliyokuwa inakauka ukutani. Ndege kanga sita, mbuyu, bluu inayofifia kuingia kwenye njano. Akauliza, "Kwenye hii, chako ni kipi?"

Nikanyamaza. Mbuyu ni wa mjomba, yale matawi kama vidole ni yake kabisa. Kanga tumewakuta. Kufifisha bluu nilijifunza kwa jirani yangu wa benchi. Hata vidoti vyeupe navipiga kwa njiti ya fagio la chelewa kwa sababu ndivyo nilivyoonyeshwa. Nikamwambia, "Changu mkono." Akacheka, akadhani natania.

Halafu kuna aibu nyingine sikumwambia. Picha ile haina sahihi yangu. Kuna mtu ameagiza 20 za namna hiyo, zote bila jina. Ya jina, kasema, atajua mwenyewe huko zinakokwenda. Nilihitaji kodi ya nyumba, nikakubali.

Dada anarudi Jumamosi hii. Mngejibu nini? Na nyie mnaoandika, mnaulizwaga hivi?

Kinyozi Mstaafu:

Mwambie akuulize bei. Hilo jibu unalo.

Mzee wa Kopo la Kijani:

Marahaba. Najiitikia mwenyewe maana umeingia bila kuamkia.

Nilianza 1983. Miezi ya kwanza kazi yangu ilikuwa kuosha brashi kwa mafuta ya taa na kujaza rangi ndani ya mistari ya mwalimu. Twiga wote niliowajaza mwaka ule waliuzwa kwa jina lake na sikuona kasoro yoyote. Nilikuwa nakula kwake.

Baadaye tukawa wanne benchi moja. Ukiniletea leo picha za wale wanne, umezichanganya na kufuta sahihi, nakutengea kama mtu anavyochambua chuya kwenye mchele. Mmoja chui wake walikuwa na macho ya mtu aliyeamshwa usiku kwa habari mbaya. Mwingine twiga wake wote walikuwa na goti la mbele limepinda kidogo, kwa sababu alikuwa anaanza kwenye kwato anapanda juu, na akifika tumboni anakuta mguu umezidi urefu. Hakuwa anajua. Tulijua sisi tuliokaa naye, na tulimcheka mpaka alipofariki, na hakurekebisha hata goti moja.

Kwa hiyo unajisumbua kujitafuta kwenye picha peke yako. Waulize wa benchi yako, watakwambia kabla hujamaliza swali.

Hilo la sahihi ni jingine na hapo sikubembelezi. Kuna watu mpaka leo wanaandika jina la marehemu Tingatinga kwenye ubao uliokauka juzi, kwa sababu jina lake lina bei. Wewe uko hai, una jina lako mwenyewe, halafu unalificha kwa ajili ya kodi. Kodi nimeielewa, nami nimepanga. Lakini ishirini zote?

Mama Leso, Mombasa:

Mwanangu, mimi natunga majina ya leso. Nyie huko mwaita kanga na maneno yake; kwetu ni leso, na maneno yake ndiyo jina. Basi wajua nimecheka kusoma kwamba wachora kanga wenye madoa na wauliza chako ni kipi. Si yasemekana nguo yenyewe ilipata jina la kanga kwa sababu leso za zamani zilikuwa na madoa kama ya ndege huyo?

Angalia leso ya kale ya hapa Mombasa. Utasoma "Mali ya Abdulla". Hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, mwenye duka lililoanza 1887. Jina la mwenye duka laonekana, jina la kuteta na mke mwenza laonekana, na aliyetunga haonekani popote. Nami si yeye niliyemuuzia, nisije nikamsingizia mtu. Niliuza mahali pengine, nikalipwa mkononi, tukamalizana.

Siku moja niko kwenye feri ya Likoni. Mbele yangu mama kajitanda maneno yangu, yale niliyoyatunga jikoni nikiwa nimekasirikiwa na wifi yangu. Nikamwambia, leso yako nzuri. Akanijibu, "Hii niliitafuta wiki mbili, ni mimi mtupu." Akanisimulia ugomvi wake kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Maneno yalimkaa kuliko yalivyonikaa mimi. Ningemwambia nini, mama vua, ni yangu?

Lakini sikufichi: usiku ule sikulala. Nilikuwa nayahesabu maneno yangu yote niliyouza, na nani kayavaa, na wapi. Kwa hiyo Mzee asema kweli na mimi nasema kweli, na bado yauma.

Mpiga Doti:

Haya mambo ya "sote ni wamoja" mimi yamenichosha, na mimi niko soko hilo hilo.

Mwaka jana nilibuni picha: bodaboda kwenye mvua imebeba kitanda, godoro, na mama mwenye mtoto juu ya godoro. Nilikaa nayo wiki nzima kwa sababu kuichora mvua kwa rangi ya kopo ni kazi, inateleza. Nikaitundika. Siku ya tisa niliikuta vibanda vinne. Kimoja walikuwa wameongeza mbuzi.

Mtu ataniambia kuna Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Ipo, nimeisoma. Mtindo wa tingatinga ni wa wote, lakini picha yangu ni picha yangu. Sasa nimshtaki nani? Wale wanne tunachangia choo. Mke wa mmoja ndiye kijumbe wa mchezo wetu wa kuchangiana pesa, na mwezi ule zamu ya kupokea ilikuwa yangu.

Kwa hiyo Fundi, kama huyo dada anataka kusikia habari za jamii, mwambie na hii. Jamii ndiyo iliyonifundisha kuchora, ndiyo iliyonizikia baba, na ndiyo iliyoniibia bodaboda.

Kinyozi Mstaafu:

Mbuzi kanunuliwa?

Mpiga Doti:

Ndiyo inayouzika kuliko yangu.

Fundi wa Pili:

Shikamoo Mzee, na shikamoo Mama wa Mombasa. Samahani kwa kuingia kama ng'ombe.

Nimefanya kama Mzee alivyosema. Nimekusanya picha tano za kanga kutoka vibanda mbalimbali, yangu ikiwa ndani, nikafunika sahihi za wengine kwa kidole nikawauliza jamaa zangu. Hawakuchukua hata dakika. "Hii yako. Kanga wako wote wanatazama nyuma."

Nikabisha. Nikaenda kuangalia zote zilizobaki, na za simu, za miaka sita nyuma. Wanatazama nyuma. Wa mjomba wanatazama mbele. Mimi sikuwahi kuamua. Bibi alikuwa anafuga kanga kijijini na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kwenye mbegu, na kanga ukimfukuza anakimbia huku anageuza shingo kuona kama bado unamfuata. Labda ni hivyo.

Dada amekuja leo asubuhi. Nimemwonyesha shingo. Akauliza mbona sasa sijasaini, nikamwambia ukweli wote pamoja na bei. Aliandika, halafu akauliza kama anaweza kuliacha hilo nje, nikamwambia aache ndani.

Ile ya ukutani nimeisaini mbele yake. Mwenye oda nimempigia, nimemwambia zimebaki 19. Amelalamika, lakini atachukua.

Mpiga Doti, nimekujua kwa hiyo bodaboda. Wa mbuzi ni mimi. Nimeuza tatu. Jioni upo kibandani?