Yule bwana wa embe AMENAWA MIKONO kabla ya kupima sukari mara ya pili. Amenawa! (povu ruksa)

Tone la Kidoleni:
Wakuu, salamu baadaye. Simtaji, na hakuna haja. Mwenye simu na bando usiku huu ameshatumiwa ile klipu na shangazi zake wasiopungua saba, kila mmoja na "sambaza uokoe maisha" yake. Koti jeupe lisilowahi kuona maabara, ndoo ya poda mezani anayodai inashusha sukari ya mgonjwa wa kisukari kwa dakika tano, na embe.

Embe, jamani. Analila kwa mikono miwili mbele ya kamera, maji yanachuruzika mpaka kiwiko, anajifuta kwenye koti, anashika kalamu ya kutobolea na kujitoboa kidole kilekile kinachonata. Mashine ya sukari: 24.6. Ukumbi mzima "mamaaa!" Anakoroga poda vijiko viwili, anakunywa, anajilamba. Halafu msaidizi analeta birika na beseni. Mheshimiwa ananawa. Kwa sabuni! Anajikausha kwa taulo safi, anatoboa mkono mwingine, 5.9. Vigelegele. Kisha anaikodolea macho kamera: "Dakika tano tu! Nyie watumwa wa vijiti mnajitoboa bure mpaka vidole vimekuwa kifumbu cha nazi!"

AMENAWA, wakuu. Katikati ya vipimo viwili. Kwa sabuni ya kipande.

Kijiti, kile kinachochomekwa kwenye mashine, kinanyonya damu nusu mikrolita, vingine mpaka moja. Damu yenye sukari ya kawaida, 5.5, ina glukosi kama gramu moja kwa lita. Yaani mtu mzima mwenye lita tano za damu ana glukosi ya kujaza kijiko kimoja cha chai kwenye damu yake yote. Kwenye tone la kijiti ni chini ya chembe ya vumbi. Maji ya embe kwa ujazo huohuo yana glukosi zaidi ya mara kumi ya hiyo. Yakiingia kidogo tu kwenye tone, namba inapaa. Mashine haijui embe wala damu, inajua glukosi basi. Haikudanganya hata kidogo: ilipima embe, ikatoa majibu ya embe!

Na hiyo dakika tano yake. Insulini ya kasi kabisa, ya kudunga, huanza kuonekana kazi yake baada ya dakika 10 hadi 20, kilele chake saa moja hadi mbili. Poda ya kukoroga imeipita mbio ikiwa bado tumboni? Kilichoshusha 24.6 ni beseni. Auze beseni!

Kuna mtu usiku huu anaficha insulini yake nyuma ya kabati kwa sababu ya beseni.

Amenawa.

Chachandu:
Mleta uzi, kunywa maji kwanza. Yasiwe ya embe.

Mla Viporo:
Kwa hiyo umeangalia mpaka mwisho, umehesabu vijiko, umekariri mpaka aina ya sabuni. Sema tu ulikuwa unataka kuagiza ndoo 😂

Tone la Kidoleni:
Nimeangalia kwa ajili ya ushahidi! Sabuni ilikuwa ya bluu.

Nesi wa Zamu:
Mleta uzi ana haki ila amefoka tu bila kuwaambia watu la kufanya. Nyoosheni hivi.

Nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, ya uvuguvugu kama yapo, damu inashuka vizuri vidoleni. Kausha kabisa, kwa sababu maji yaliyobaki yanazimua tone na namba inashuka uongo. Ning'iniza mkono chini kidogo. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole. Pale katikati ndipo penye mishipa ya fahamu mingi, ndiyo maana watu wanapiga kelele. Kidole cha kati, cha pete na kidogo, kwa zamu. Damu isipotoka sogeza kalamu hatua moja zaidi, usikamue kidole mpaka kiwe cheupe: ukikamua unatoa na majimaji ya nyama, damu inakuwa nyepesi, majibu yanapotoka. Kijiti kiguse ukingo wa tone, kinyonye chenyewe. Usikipake damu juu.

Huna maji? Kama kidole hakina uchafu unaoonekana, futa tone la kwanza kwa pamba kavu, pima la pili. Lakini kidole kilichoshika tunda hakina ujanja huo. Hata pamba ya spiriti haitoshi, sukari ya tunda inabaki ngozini. Ni sabuni na maji. Na ukitumia spiriti subiri ikauke, mbichi nayo inaharibu.

Bajaji Mbovu:
Lilikuwa dodo au bolibo?

Mwanakwetu 254:
Nyinyi mna wa embe, sisi huku Kenya tuko na wa siafu na sisimizi. Wueh! Huyo anawaambia watu wakojoe mchangani, wangoje. Sisimizi wasipokuja, umepona, tupa dawa.

Figo huanza kuachia sukari kwenye mkojo ikishavuka 10 hivi kwenye damu. Mtu anaweza kuzunguka na 9.5 asubuhi, mchana na usiku, macho na figo vinaliwa polepole, na sisimizi hawajasikia hata harufu. Halafu upande wa pili, kuna dawa za kisukari kama dapagliflozini ambazo kazi yake ni kumwaga sukari kupitia mkojo. Anayezimeza, damu ikiwa 6 sisimizi wanafanya harusi na kualika majirani. Sasa huyo aambiwe amezidiwa? Afadhali huyo wenu wa embe, angalau alishika mashine.

Tone la Kidoleni:
Hakuna afadhali! Wa sisimizi hakunawa!

Fundi Betri:
Mnapoteza muda na embe. Tatizo la nchi hii ni vijiti. Mashine wanakupa kwa bei ya kutupa, kwenye kambi za upimaji wanagawa bure kabisa, halafu unakamatwa kwenye vijiti maisha yako yote. Vya mashine hii haviingii ile. Mwingizaji akibadili modeli, yako inakuwa pambo la kabatini.

Na wale wauzaji wanaovunja kopo na kukuuzia vijiti kumikumi kwenye mfuko wa nailoni ndio wa kufungiwa beseni shingoni. Lile kopo si la urembo. Ndani lina kikausha unyevu, kwenye mfuniko au ukutani. Kwenye kijiti kuna kimeng'enya kinachokutana na glukosi ndipo umeme mdogo unatoka na mashine inausoma. Unyevu wa Dar, Mombasa, Tanga, Unguja unakiua kimyakimya: kijiti kinaingia vizuri, kinanyonya vizuri, kinatoa namba ya kubuni. Kopo nyingi zimeandikwa joto lisizidi nyuzi 30. Sasa lile linaloota jua kwenye kioo cha duka, au kwenye dashibodi ya daladala? Chomoa kijiti, funga papo hapo. Andika tarehe uliyofungua kwa kalamu ya wino. Kuna vya miezi 3 na vya miezi 6 tangu kufunguliwa, hata kama tarehe ya mwisho ya kiwandani iko mbali. Na mashine za zamani zina namba ya msimbo (code) kwa kila kopo. Ukinunua kwenye nailoni, msimbo utausoma wapi?

Mla Viporo:
Huyu ana uchungu kuliko mleta uzi 😂 Mleta uzi usikubali, povu lako linaibiwa.

Kungwi wa Mtandao:
Tiba asili msiidharau. Wazee wetu waliishi miaka mia bila mashine.

Nesi wa Zamu:
Dada, hakuna aliyeidharau. Tanzania tiba asili ina sheria yake tangu 2002 na ina Baraza lake; dawa iliyosajiliwa ina namba, muulizeni wa ndoo namba yake. Kinachotisha ni hizi poda zinazoshusha kweli. Duniani zimeshakamatwa mara nyingi "za mitishamba tupu" zilizochanganywa glibenclamide, kidonge cha kisukari cha hospitali, bila kipimo. Mtu anameza chake cha kliniki asubuhi, anaongeza poda, usiku yuko 2.1, jasho la baridi, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki, familia inasema kalewa au kapandisha.

Sukari ikiwa chini ya 4: sukari ya mezani vijiko vitatu hadi vinne vya chai ndani ya maji, au soda ya kawaida kama nusu glasi, mililita 150. Subiri dakika 15, pima, bado iko chini rudia. Ikipanda, kula kitu cha kukaa. Na tafadhali, si soda ya ziro, ile isiyo na sukari. Kila mwaka yupo anayekimbia dukani na kurudi na ziro. Aliyezimia asiwekewe chochote mdomoni, apelekwe hospitali.

Bajaji Mbovu:
Ile rangi ni bolibo, nimesimamisha klipu.

Mtu wa Pangani:
Dodo hilo. Acha kuidhalilisha bolibo.

Mizani Haisemi Uongo:
Mimi wangu ni ndugu zetu wa Marekani. Wanatuma mashine, asante sana, lakini inasoma mg/dL (miligramu kwa desilita). Huku tunatumia mmol (milimoli kwa lita). Mzee anaona 110, anaita watoto, anaandika wosia. Gawanya kwa 18, mzee! Hiyo ni 6.1. Na nyingine haina kitufe cha kubadili, imefungwa kiwandani. Mbaya zaidi ni kinyume chake: mwenye kuzoea za mg/dL anaona 16 kwenye ya mmol anadhani inamshukia, anakunywa soda.

Chachandu:
Na wale wanaokuja na "mashine yangu mbovu, nyumbani 7.8 maabara 7.1"? Tofauti hiyo imeruhusiwa! Kiwango cha kimataifa cha 2013 kinataka majibu 95 kati ya 100 yawe ndani ya asilimia 15 ya maabara sukari ikiwa 5.55 au zaidi, na ndani ya 0.83 ikiwa chini ya hapo. 7.8 kwa 7.1 ni asilimia kumi tu. Halafu nyumbani umepima saa moja, maabara saa tatu, ulitaka zifanane vipi? Mwenye upungufu wa damu ndiye ana sababu ya kushtuka, damu nyepesi huwa inapandisha namba ya mashine.

Mwanakwetu 254:
Na kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kwa mwenye selimundu inadanganya pia. Chembe zake nyekundu haziishi muda wa kutosha kukusanya sukari. Inatoka ya kupendeza, daktari anampongeza, na yeye anazunguka na 14.

Mla Viporo:
Daktari gani, yule asiyefungua daftari? Watu wanaandika kabla ya kula, saa mbili baada ya kula, wanachora mpaka mistari kwa rula. Anauliza "sukari inaendeleaje?" akiwa anaangalia dirisha.

Nesi wa Zamu:
Afungue nini? Daftari zima wino mmoja, mwandiko mmoja, 5.6, 5.7, 5.6 miezi miwili, limejazwa foleni ya kliniki asubuhi hiyohiyo, na HbA1c asilimia 11. Mashine ina kumbukumbu, jamani. Tukibonyeza tunaona mara ya mwisho imewashwa Krismasi. Leteni hizo namba mbaya. Insulini ya usiku haiwezi kurekebishwa kwa namba ya kubuni. Asubuhi ikiwa juu kila siku tunataka na ya saa tisa usiku, tujue kama ni homoni za alfajiri zinazopandisha sukari au alishuka usingizini.

Mla Viporo:
Kijiti cha saa tisa usiku unalipa wewe?

Tone la Kidoleni:
Wakuu, uzi ulikuwa wa kunawa.

Mtu wa Pangani:
Nani anajua betri ya hizi mashine ndogo? Yangu inawaka na kuzima.

Fundi Betri:
Nyingi ni CR2032, nyingine zinakula mbili. Angalia namba iliyochorwa mgongoni mwa betri yenyewe. Usikubali CR2025, volti ni zilezile 3 lakini ni nyembamba, unene milimita 2.5 badala ya 3.2, haishiki vizuri.

Bajaji Mbovu:
Muuza saa wa stendi anakuwekea hiyo 2025 na kukunja karatasi ya sigara chini yake ijae.

Fundi Betri:
Huyo ndiye! Ukitikisa kidogo inazima katikati ya kuhesabu, kijiti kimeshanyonya damu, kimekwenda. Na anafungulia mfuniko kwa kisu cha vitunguu.

Mtu wa Pangani:
Kwani bisibisi ni shilingi ngapi?