Albamu za nyimbo za filamu Wikipedia: kila moja na makala yake, au ziingie ndani ya makala ya filamu?

MtotoWaVuga

Asalaam alaykum wadau. Naomba msaada wa wale wanaohariri Wikipedia ya Kiswahili maana nshachoka kubishana peke yangu. Mie naandika zaidi mambo ya muziki wa filamu za Kihindi, sababu huku Unguja hizi nyimbo tumekua nazo, mtu filamu hajaiona hata siku moja lakini nyimbo anaiimba mwanzo mwisho na maneno hajui maana yake. Sasa nkaanza makala za albamu, Kuch Kuch Hota Hai ya 1998, Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995, Bobby ya 1973, kila moja nkaipa ukurasa wake, nkaeka kigezo cha albamu (lile sanduku la pembeni lenye taarifa zake), orodha ya nyimbo, nani katunga muziki, nani kaandika maneno, nani kaimba. Akaja mhariri mmoja akazibandika zote kigezo cha kuunganisha, anataka zihamie kwenye makala za filamu ziwe sehemu tu pale chini. Hoja yake ati albamu haina umaarufu wa peke yake, umaarufu ni wa filamu.

Mie hilo silikubali. Filamu za Kihindi nyimbo zake kawaida zinatoka mwanzo kabla filamu haijafika sinema, zinauzwa mbali, na watu wake ni wengine kabisa. Kwenye filamu ya Kuch Kuch Hota Hai unamkuta Shah Rukh Khan na Kajol, kwenye albamu unawakuta Jatin-Lalit waliotunga muziki, Sameer alieandika maneno, Udit Narayan na Alka Yagnik walioimba. Wote hao ukiwabana kwenye makala moja, anaesomwa ni nani? Shah Rukh Khan tu.

Halafu jengine, kwenye kile kigezo pana sehemu ya msanii, pale nieke nani? Mwenzangu mmoja kanambia eka waimbaji wote, mwengine kasema eka mtunzi wa muziki. Na jamii, yale makundi ya kupangia makala, nazo vipi, maana hivi sasa kila mtu anafungua jamii yake anavotaka.

Nataka majibu ya watu waliohariri jamani, si ya "fungua blogu yako".

Maalim_wa_Wete

Waalaykum salaam warahmatullah. Kijana tuliza moyo, huyo alieeka kigezo cha kuunganisha hajakufutia kitu, kaomba mjadala, na mjadala ule si kura ya kuhesabu mikono, ni hoja. Kwahivo jibu kwa hoja.

Mie swali langu huwa si kama albamu maarufu au si maarufu, hapo mtabishana mpaka asubuhi. Swali langu ni hili: toa jedwali la nyimbo, toa na lile sanduku la pembeni, kinachobaki ni nini? Ikiwa kimebaki "hii ni albamu ya filamu fulani iliyotoka mwaka fulani" basi hicho hakijawa makala, ni sehemu ya makala ya filamu, na msomaji hapati hasara yoyote akikisoma kulekule. Ikiwa kimebaki kisa chake, albamu ilirikodiwa vipi, ilipokewa vipi, imeuza vipi, imepata tuzo gani, hapo mpe ukurasa wake na asikuondoe mtu.

Tizama The Bodyguard ya 1992. Filamu wahakiki wengi waliiponda, lakini albamu ya Whitney Houston imeuza nakala zaidi ya milioni 40 duniani na 1994 ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka. Ile albamu ina maisha yake, ukiitia ndani ya makala ya filamu itaimeza filamu nzima. Au Black Panther ya 2018, ile ina albamu mbili mbali mbali, moja ya Kendrick Lamar na wenzake, moja ya muziki wa ndani ya filamu wa Ludwig Göransson ambao ndio uliopata Oscar 2019. Watu wawili, kazi mbili. Sasa hizo mbili ukizirundika kwenye sehemu moja chini ya filamu msomaji ataamini Oscar kapewa Kendrick, na wapo wanaoamini hivo mpaka hivi leo.

Kwa upande wako: Dilwale Dulhania Le Jayenge unaweza kuitetea. Anand Bakshi alipata Filmfare, tuzo za filamu za Kihindi, kwa maneno ya Tujhe Dekha To, Udit Narayan akapata ya uimbaji kwa Mehndi Laga Ke Rakhna, hayo ni mambo ya albamu. Bobby nimeifungua jana usiku nikaisoma, na ulivoiandika hivi sasa ni jedwali na sentensi mbili. Ihamishe kwenye filamu, ikinenepa utaitoa tena. Watu wanadhani kuunganisha ni kuzika, siko hivo, historia ya ukurasa inabaki na siku yoyote inafufuliwa.

Na jambo watu hawalijui: ukihamisha, ule ukurasa wa zamani usiufute, ugeuze uwe ukurasa wa kuelekeza uende moja kwa moja kwenye ile sehemu ya nyimbo ndani ya makala ya filamu, kisha jamii za albamu zieke kwenye huohuo ukurasa wa kuelekeza. Kwahivo mtu akifungua jamii ya albamu za 1973 anaikuta Bobby, akibonyeza anapelekwa kwenye nyimbo zake. Na filamu yenyewe haiingii kwenye jamii ya albamu, maana filamu si albamu. Ugomvi mwingi wa hizi jamii unaishia hapo.

Ah na unapohamisha maandishi andika kwenye muhtasari wa hariri kwamba yametoka ukurasa gani. Leseni ya Wikipedia ni CC BY-SA, ile inayotaka mwandishi atajwe, jina la alieandika halipotei kwa sababu wewe umekata na kubandika.

bintKikwajuni

Kuhusu msanii, eka mtunzi wa muziki. Hebu fikiri Lata Mangeshkar, kaimba maelfu ya nyimbo kwenye filamu tangu miaka ya 1940, kila albamu ana nyimbo mbili tatu, ukimueka msanii wa kila moja utafungua jamii ya albamu za Lata yenye nusu ya filamu za Bombay nzima na Rafi nae vilevile na Kishore Kumar vilevile, na zote ni albamu zilezile zimerudiwa mara tatu. Albamu ya filamu ya Kihindi mwenyewe ni mtunzi wa muziki, Bobby ni ya Laxmikant-Pyarelal, Sholay ni ya R. D. Burman. Waimbaji wanaandikwa kwenye jedwali, mbele ya nyimbo waliyoimba. Basi.

Kaka_Tanga

Mimi wa huku bara lakini naomba nichangie. Maalim umesema vizuri ila umesahau msomaji anasoma na nini. Wengi wanafungua kwenye simu, na kwenye simu zile sehemu za makala zinakuja zimefungwa, mpaka ubonyeze kichwa cha habari ndio ifunguke. Mtu anatafuta nani kaimba Tum Paas Aaye ya Kuch Kuch Hota Hai, anaangukia kwenye makala ndefu ya filamu, mara hadithi ya filamu, mara waigizaji, mara mapato, bando linaisha nyimbo hajaiona. Ukurasa mfupi wa albamu unamfaa zaidi huyu hata ukiwa na sentensi mbili. Halafu Wikipedia yetu ndogo jamani, tukianza kutumia vipimo vya Waingereza wenye makala mamilioni tutafuta kila kitu. Kila lugha ina taratibu zake na wahariri wake, kanuni za Wikipedia ya Kiingereza hazitubani sisi. Mbegu, yaani makala fupi zisizokamilika, ziachwe, atakuja mtu aziendeleze.

Maalim_wa_Wete

Kaka wa Tanga, la simu ni kweli lakini ndio maana nimesema ukurasa wa kuelekeza upeleke kwenye sehemu yenyewe, mtu haanzi juu. La mbegu siliafiki hata kidogo. Nani huyo atakaekuja? Mie nna miaka naziona mbegu za albamu zipo vilevile, jedwali, "albamu hii ilitoka mwaka", chanzo hakuna, basi tena. Mwengine hata majina ya waimbaji yamekosewa na hakuna anaejua kwa sababu hakuna anaezifuatilia. Makala ya filamu ina watu wanaoiangalia kila siku, mtu akiandika uongo mule anaonekana. Makala kumi za mistari mitatu ni sawa na kufungua vibanda kumi kila kimoja kina pakti moja ya majani ya chai. Funga tisa, jaza kimoja.

Kanuni za Waingereza hazitubani, sawa. Lakini na chanzo nacho hakitubani?

MtotoWaVuga

Maalim nimekuelewa kwa Bobby, ila naona umeipima kwa vile nilivoiandika miye si kwa vile ilivo. Bobby ilipofika huku watu waliijaza sinema kwa ajili ya nyimbo, Hum Tum Ek Kamre Mein Band Ho mpaka leo ukiipiga harusini wazee wanainuka. Na angalia taarab, sauti ngapi za filamu za Kihindi zimetiwa maneno ya Kiswahili? Hayo yote ni ya albamu, si ya filamu. Hicho Mwingereza hana, sie tunacho.

Maalim_wa_Wete

Sasa hapo umesema! Hilo ndilo lingekuwa makala. Lakini wazee kuinuka harusini ni ushahidi wako weye, si chanzo. Pana kitabu cha Laura Fair cha 2018 kuhusu watazamaji wa sinema Tanzania, kinaeleza humu humu mwetu, Unguja na Dar, namna watu walivozipenda filamu za Kihindi, anzia hapo, tafuta ukurasa unaotaja nyimbo na uutaje namba. Na magazeti ya zamani yapo Nyaraka, pale panapohifadhiwa maandishi ya zamani Kilimani, si mbali na kwako. Ukipata aya mbili zenye chanzo kuhusu Bobby na Zanzibar mie mwenyewe ntakwenda kwenye ukurasa wa majadiliano kukutetea ibaki peke yake.

Malindi_Rock

Nyie mmejaa Bombay tu 😂 naleta kesi ya mtoto wa hapa hapa. Freddie Mercury kazaliwa Unguja 1946 na bendi yake Queen wana albamu ya Flash Gordon ya 1980, ni albamu ya filamu na papo hapo ni albamu yao ya studio, imo kwenye hesabu ya albamu zao. Ile lazima iwe na ukurasa wake maana ukiitia ndani ya filamu mfuatano wa albamu za Queen unakatika, mtu anatoka The Game anaruka mpaka Hot Space. Hapo sina wasiwasi.

Inayonisumbua ni A Kind of Magic ya 1986. Nyimbo nyingi mule zilitumika kwenye filamu ya Highlander, lakini kwenye kava haijaandikwa kwamba ni albamu ya filamu, na muziki mwengine wa ile filamu ni wa Michael Kamen ambao mule haumo. Sasa jamii ya albamu za filamu iingie au isiingie? Mie nimeitia, mtu kaitoa, nimeitia tena, kaitoa tena. Nikiendelea watatufungia sote wawili.

bintKikwajuni

Isiingie. Jamii inasema kitu ni nini, haisemi kinahusiana na nini. Andika ndani ya makala kwamba nyimbo zake zimetumika Highlander, eka kiungo, na kwenye makala ya Highlander andika hivohivo. Ukifungua mlango huo kila albamu yenye nyimbo moja iliyosikika kwenye filamu itaingia.

Malindi_Rock

Nyimbo moja si sawa na nyimbo nyingi dada. Walizitengeneza kwa ajili ya ile filamu, hawakuokotewa.

bintKikwajuni

Basi lete chanzo kinachoiita albamu ya filamu. Si wewe, chanzo.

Kaka_Tanga

Mimi hapo niko na Malindi. Ila majina ya kurasa nayo mkubaliane, nimeona Titanic moja imeandikwa jina lote la Kiingereza la kwenye kava na nyingine mtu kaandika Titanic (albamu), kurasa mbili albamu moja ya James Horner, na Celine Dion katajwa kwenye moja tu.

Maalim_wa_Wete

Ikiwa albamu ina jina lake kamili kwenye kava, tumia hilo. Ikiwa jina ni sawasawa na la filamu, mabano yenye neno albamu. Zile mbili za Titanic ziunganisheni leo leo, hilo halina mjadala.

MtotoWaVuga

Haya, Dilwale inabaki nnaongeza zile Filmfare na vyanzo, Kuch Kuch naiacha kwanza mpaka mjadala uishe, Bobby naihamishia kwenye filamu na ukurasa wa kuelekeza, na jumatatu inshaallah nakwenda Kilimani. Msanii nabadilisha kote naeka watunzi.

Ila swali jengine kabla sijaondoka. Sholay ya 1975, kampuni ya Polydor ilitoa sahani za nyimbo halafu ikatoa na sahani ya maneno matupu ya waigizaji, yale mazungumzo ya Gabbar Singh, jambazi wa ile filamu, na watu wakainunua hasa. Hiyo naitia wapi? Muziki hamna mule.

bintKikwajuni

Sehemu ndani ya makala ya Sholay, aya yake peke yake chini ya ile ya nyimbo. Usiitie kwenye jedwali la R. D. Burman, na usifungue jamii mpya kwa sahani moja, nakujua.

MtotoWaVuga

Nlikuwa nshaifungua 😅 naiomba ifutwe.