Naomba ushauri: nipime vipi kuzoea utamaduni mpya?

Ndugu wataalamu, ninaandaa dodoso la utafiti wa shinikizo la damu miongoni mwa wahamiaji, na nimekwama kwenye kupima namna walivyozoea utamaduni wa nchi waliyohamia. Kipimo cha maswali 12 kilichotungwa Marekani mwaka 1987 kwa ajili ya wakazi wa huko wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania huegemea mno lugha: anayejibu kwamba huzungumza Kihispania na Kiingereza sawasawa hupewa alama 3 kati ya 5, kana kwamba ameishia njiani, ilhali mwanasaikolojia John Berry hutenganisha kushika utamaduni wa asili na kushiriki katika ule mpya. Je, nitumie mizani mbili, moja kwa kila utamaduni, ingawa dodoso litarefuka na wahojiwa kuchoka? Na athari ya kipato niitenge vipi na ya utamaduni?