Bukavu: miti ya bustani imeziba ziwa, tukate vipi?

MwanaKivu: Jambo wandugu. Sisi wa kujitolea tunatunza bustani ya mtelemko inayotazama Ziwa Kivu. Gravilea zimerefuka, misipresi imefunga upande mmoja, anayekaa kwenye benchi haoni maji. Wengi wanataka Jumamosi, kwenye salongo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, tukate vichwa vyote kwa panga. Mnashauri nini?

FundiMatawi: Vichwa msiguse, ndugu. Gravilea iliyokatwa kichwa inachipua vijiti vingi pale pale, vinashikilia ganda la nje tu, na upepo mkali ukija vinachomoka. Misimu michache tu, kichaka kinakuwa kizito kuliko mwanzo, ziwa limezibwa tena. Fungueni madirisha kati ya matawi: mmoja akae kwenye benchi, mwingine aguse matawi kwa fito ndefu, mtie alama yale tu yanayoziba macho ya aliyeketi. Anzeni na ya chini, lakini theluthi mbili za urefu wa mti zibaki na matawi. Kwa mwaka mmoja msiondoe zaidi ya robo ya majani.

Tawi nene linakatwa mara tatu. Kwanza kutoka chini, sentimita 30 mbali na shina, msumeno uingie theluthi ya unene. Pili kutoka juu, mbele kidogo ya hapo. Tawi linaanguka bila kuchuna ganda la shina. Tatu ondoa kigutu, ila ule uvimbe ulio shingoni mwa tawi uuache mzima, maana kidonda kinafungia hapo. Panga linapasua, liacheni nyumbani. Wala msipake rangi, inafungia unyevu ndani.

MamaWaNguba: Misipresi ni habari nyingine. Ukikata tawi mpaka pasipo na kijani, halichipui tena, linabaki tundu kavu daima. Punguzeni ncha tu, au mtoe mti mzima mpande kitu kifupi.

MwanaKivu: Asante mama. Na visiki, tung'oe?

FundiMatawi: Hapana kabisa! Kwenye vilima vya Bukavu mizizi ndiyo inashika udongo. Kateni kisiki usawa wa ardhi, kiozee humo. Matawi yalazwe kukingama mtelemko, yaegemee vigingi, yavunje kasi ya maji. Hapo pandeni vetiveri, nyasi zenye mizizi mirefu, sentimita 15 kati ya shina na shina, mvua ya Septemba ikishakolea. Kukata kuishe Julai au Agosti.

MamaWaNguba: Kwanza pateni ruhusa ya maandishi ya komine, yaani serikali ya mtaa. Matawi yanayogusa waya za umeme, waachieni mafundi wa umeme.