MREJESHO: Pikipiki inayojizima ikikaa sailensa muda mrefu

Wakuu, mimi ndiye yule wa Mtwara niliyelalamika kwamba pikipiki yangu ikikaa sailensa (imesimama, injini inaunguruma bila kuvuta mafuta) dakika kumi na kitu, nikisubiri abiria pale kivuko cha Msangamkuu, inashusha mlio, inakohoa mara mbili, kimya. Ikiwa mwendoni haina neno.

Asanteni mno kwa ushauri wenu. Nilianza na rahisi: kufungua mfuniko wa tangi ikitaka kuzima. Ikazima vilevile, kwa hiyo tundu la hewa la mfuniko halikuwa limeziba. Plagi mpya nayo, hela imekwenda bure. Kusafisha kabureta kulisaidia nusu: kajeti kadogo ka sailensa (katundu kanakopitisha mafuta injini ikiunguruma tu) kalijaa uchafu, nikakapuliza hadi nikaona mwanga upande wa pili. Ikawa inafika dakika 20, kisha inazima.

Aliyenipatia ni yule aliyesema tupime tapeti (kanafasi kanakoachwa kwenye valvu) injini ikiwa ya baridi. Ya ekzosi ilikuwa imebana, geji, kile kibati chembamba cha kupimia, haipiti kabisa. Kumbe ikipata moto valvu haifungi vizuri, kompresheni inavuja. Fundi akailegeza. Jana nimeiacha inaunguruma nusu saa, mimi natafuna korosho zangu. Haikuzima.

(Mkuu uliyetaja Honda PCX inayojizima yenyewe baada ya sekunde 3 ukisimama kwenye foleni: hiyo ina mfumo wake maalumu. Yangu ni ya kabureta, ilikuwa inaumwa tu.)

Kilichobaki, sailensa bado inapanda na kushuka kidogo. Nahisi mpira wa kati ya kabureta na injini unavuta hewa. Nitaubadilisha nikipata hela.