Strepi imezunguka nyumba nzima, inapita wapi jamani?

MamaWatatu_MN:
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada wenye uzoefu na winta za huku. Niko Minneapolis, apatimenti ya vyumba viwili, mimi na mume na watoto watatu na wifi yangu aliyekuja kutusalimia tangu Novemba. Nje -20, mlango ukifunguliwa tu wote wanapiga kelele funga, madirisha hayajaguswa tangu Oktoba na moja nimelibandika plastiki kabisa. Sasa yule wa kati ana miaka 7 akaanza koo na homa, hata uji hataki, tukampeleka wakamsugua kooni na kile kijiti cha pamba, haikuchukua muda wakasema strepi, yaani bakteria wa koo, wakampa amoksilini ya siku 10. Siku ya nne mkubwa naye chali. Juzi mimi mwenyewe. Nadeki na jiki kila siku mpaka macho yanawasha na bado. Wifi anasema ni baridi imewaingia nisiwaogeshe. Hivi kinapita wapi hiki kitu? Na huyu wa kati ameshachangamka, naweza kumpa mdogo hiyo dawa iliyobaki kabla hajaanza?

NesiWaZamu:
Pole sana dada. Kwanza hiyo chupa usiigawe hata kijiko, wa kati aimalize siku zote 10 hata kama anaruka juu ya makochi, na wewe na mkubwa mkapimwe kama bado. Mdogo mwangalie tu, akianza homa au koo ndo umpeleke.

Halafu piga hesabu: tangu mtu aambukizwe mpaka koo lianze kuuma huwa ni kama siku 2 hadi 5, kwa hiyo mkubwa wako yawezekana kabisa aliambukizwa kabla mwenzake hajameza hata dozi ya kwanza. Hujakosea kusafisha, ila umesafisha sakafu wakati mdudu anakaa kooni na puani, anatoka na mate, na yale matone mtu akikohoa, akipiga chafya au hata akiongea karibu yako. Baridi haimleti, baridi inawafungia sita kwenye chumba kimoja. Angalia vikombe, vijiko, miswaki, taulo, nani analala na nani. Sabuni na maji sekunde 20, hasa baada ya kufuta kamasi na kabla ya kushika chakula. Sanitaiza iwe na alkoholi kuanzia asilimia 60, ila mikono ikiwa na uchafu unaoonekana sabuni ndo yenyewe. Na waogeshe watoto jamani 😂

Kijana_wa_Columbus:
bi mkubwa wangu anakata vitunguu maji anaviweka kila kona ya nyumba eti vinavuta bakteria, nyumba inanuka kachumbari lakini hatuumwi

NesiWaZamu:
Weka kwenye mchuzi hivyo mdogo wangu.

Mkinga_wa_Makete:
Huku kwetu Juni na Julai asubuhi unakuta barafu kwenye majani, nawaelewa sana. Tulikua tunalala watoto watano kitanda kimoja na kata ya kunywea maji moja nyumba nzima, akikohoa mmoja wiki hiyo ni kwaya. Alichotushinda nacho mama ni dirisha, asubuhi tukiwa tumeshavaa masweta analifungua wazi upande huu na mlango upande ule, dakika kama kumi hivi, anafunga. Tunalia lakini harufu ya usiku inatoka. Tahadhari moja tu, msije mkafunga kila kitu halafu mkaingiza jiko la mkaa ndani kwa ajili ya joto, ule moshi usioonekana unaua watu usingizini kila mwaka.

Binti_Mzizima:
Hiyo ya kumaliza dozi msiichukulie poa. Mdogo wangu utotoni alikuwa anaumwa koo mara kwa mara, tunampa asali na ndimu, likiacha basi tumesahau. Baadaye ikaja homa ya rumatiki, viungo vinauma kwa zamu, leo goti kesho kiwiko, mwisho ikashika vali za moyo. Sasa hivi ni mtu mzima anachomwa penisilini kila baada ya wiki nne na kliniki ya moyo ndo nyumba yake ya pili. Koo tu lile.

MamaWatatu_MN:
Mmenitisha lakini asanteni. Mume je? Yeye ana mafua na kikohozi, sauti imekauka, anataka nimwombee antibaiotiki na yeye. Na shule warudi lini?

NesiWaZamu:
Kamasi, kikohozi na sauti kukauka mara nyingi ni virusi, antibaiotiki haimsaidii kitu, anywe supu apumzike, koo likiuma sana akapimwe. Watoto wakishapitisha angalau saa 12 kwenye dawa na homa imeisha, shule nyingi zinawapokea, nyingine zinataka saa 24 kwa hiyo uliza kwanza.

MamaWatatu_MN:
Basi jana nimekaa kimya nikaangalia tu. Miswaki yote sita kwenye glasi moja, imelaliana. Taulo la mikono moja bafuni. Na wifi, mtoto akibakiza uji anamalizia na kijiko kilekile, halafu anamtafunia mdogo nyama anamlisha!! Nimemnunulia kikombe na kijiko chake chekundu, amenuna tangu asubuhi, kaka yake ndo anambembeleza. Dirisha la sebuleni nimefungua dakika tano, kelele zake majirani wamesikia. Hilo lenye plastiki sijui nalibanduaje bila kung'oa rangi ya watu.

Kijana_wa_Columbus:
puliza na ile mashine ya kukaushia nywele gundi ilainike kwanza, halafu vuta polepole