Mzizi wa urukususu kwa uso unaochoma: kuna aliyeutumia?

Mama Nguo, Kisumu

Hamjambo wenzangu. Nauza nguo za watoto soko la Kibuye. Jumapili ndiyo siku yetu kubwa, basi nasimama juani tangu asubuhi hadi jua lielekee ziwani. Miezi michache iliyopita niliuziwa krimu ya madoa, kikopo cheupe kisicho na maandishi yoyote. Wiki mbili za kwanza uso uling'aa hadi wateja wakaniuliza siri. Baadaye mashavu yakaanza kuchoma, na hata maji ya kunawa nikayahisi kama pilipili. Nimeiacha siku kumi sasa na uso umezidi kuwaka.

Mwenye duka la dawa mtaani kwetu ameniambia nitafute krimu yenye mzizi wa urukususu. Mzizi wenyewe naujua, jirani yangu aliyetoka Mombasa huutafuna akiwa na kikohozi. Lakini nasikia pia unang'arisha. Mimi sitaki kung'arishwa tena, nataka uso unyamaze. Na je, nikiununua kwa muuza viungo nikausaga, si ni uleule?

Mhudumu wa Dawa, Nakuru

Pole sana, mama. Nianze na hicho kikopo, maana ndicho kinachonisumbua. Krimu inayong'arisha upesi halafu uso ukawaka ukiiacha, mara nyingi huwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Nyingine huwa na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, au zebaki, vitu ambavyo Shirika la Viwango la Kenya limevipiga marufuku katika vipodozi. Usikitupe. Kipeleke kwa daktari wa ngozi akione, kwa sababu uso uliozoea steroidi huhitaji mtu wa kuusimamia, na mzizi peke yake hautautibu.

Sasa urukususu. Asili yake ni nchi za Mediterania hadi Asia ya kati. Soma maandishi madogo nyuma ya tyubu. Huko utakuta jina la kitaalamu la aina ya urukususu. Ukikuta Glycyrrhiza inflata, hiyo ndiyo yenye likokalkoni A, inayopunguza wekundu na uvimbe. Ukikuta Glycyrrhiza glabra, ndani yake mna glabridini, ambayo hupunguza kasi ya ngozi kutengeneza rangi. Kwa hiyo uliyosikia yana ukweli, ila nguvu yake ni ya upole na haiji kwa wiki mbili. Kwa hali yako ningetafuta hiyo ya kwanza.

Unga wa sokoni hapana, mama. Kiwandani huchuja na kupima kinachotakiwa, lakini unga una vumbi na vijidudu, na ngozi yako sasa ni kama kidonda. Tena mwambie jirani asiutafune kila siku ikiwa ana presha. Glisirizini, ile inayoupa utamu, hupandisha presha na kupunguza potasiamu mwilini.

Mwalimu, Kakamega

Dada, mimi niliinunua nikaona imenichoma zaidi. Nililaumu mzizi bure. Kumbe krimu ilikuwa na manukato, limeandikwa pale neno parfum, na mimi ngozi yangu haivumilii harufu hata ya sabuni. Nilibadilisha nikachukua isiyo na manukato, na sasa ni muhula wa pili bila vipele. Jaribu kwanza kwenye kiwiko kwa ndani, asubuhi na jioni, wiki nzima, kabla hujagusa uso. Na kofia pana, tafadhali! Jua la Kisumu halimsubiri mtu apone.

Mama Nguo, Kisumu

Asanteni, nimelia kidogo nikisoma. Jana nilifunga kibanda nikaenda kliniki ya ngozi na kikopo changu. Daktari amenipa utaratibu wake, akasema kwa sasa maji baridi, vaselini tupu na kivuli, na ile krimu ya mzizi ije baadaye uso ukishatulia. Nimeshainunua hata hivyo. Imeandikwa inflata, haina manukato, ninaijaribu kwenye kiwiko na leo ni siku ya nne. Hakuna kitu. Jumapili binti yangu atasimama mbele, mimi nitakaa nyuma chini ya turubai nikikunja nguo.

Mhudumu, swali moja tu: mafuta ya kukinga jua yenye zinki, nipake juu ya vaselini au kabla?

Mhudumu wa Dawa, Nakuru

Vaselini kidogo kwanza, ngoja dakika kama kumi, halafu zinki juu. Rudia kila saa mbili ukiwa sokoni. Na ukiona kiwiko kimewasha, tuambie siku hiyohiyo.